Hojaji Niliyoitetea
Alhamisi, Juni 1996

Nilikosea, na kosa lenyewe nililitetea kwa ufasaha. Katika kikao cha utafiti wetu wa ugonjwa wa viungo, mwenzangu Wafula alipendekeza hojaji ya kupima mikono inayouliza kuhusu kukamua nguo na kusonga ugali. Nilimkejeli mbele ya wenzetu, nikapigania ile iliyotungwa ng'ambo hadi ikapita. Mimi, ninayehutubia chuo kizima kuhusu kujikomboa kifikra.

Leo huko Gatwekera, kwenye mabanda, nimemhoji Mama Akinyi, anayewafulia watu nguo mtaa wa Satellite. Vidole vyake vimevimba na kupinda kwa ugonjwa wa viungo.

"Kufungua mfereji kunakutatiza?"

"Hapana."

"Kuzungusha ufunguo mlangoni?"

"Hapana."

Nikajaza: mikono haina tatizo. Ndipo akacheka. "Kijana wa chuo, mfereji niko nao wapi? Na mlango nafunga na waya. Si uniulize nguo? Blanketi sikamui tena, nakanyaga tu na miguu maji yatoke."

Hojaji haina nafasi ya blanketi. Kwa alama alizopata, hamo katika orodha ya watakaotibiwa, na kanuni ya kutobadilisha majibu yakishajazwa niliitunga mimi.

Aliniuliza aje kliniki siku gani. Nilimwambia tutamjulisha.