Syombua Atashinda kwa Uamuzi wa Majaji

Alhamisi, Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima Kilimambogo hauonekani.

Niwieni radhi kwa kimya kirefu. Tangu Machi sijaandika hapa hata mstari mmoja. Sikuwa mgonjwa, wala sikukosa la kusema. Niliona haya, na mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka thelathini na minne hajui kuona haya mbele za watu. Hujifungia ndani.

Katika andiko langu la mwisho nilisema kwamba binti yangu, Syombua, amelidhalilisha jina analolibeba kwa kuingia kizimbani kupigana ngumi, mateke na mieleka mbele ya watu waliolipa kiingilio. Sarufi ya andiko lile haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa andiko lenyewe.

Syombua anashona suruali za kuuzwa ng'ambo katika kiwanda kimoja cha EPZ, Athi River. Wenzake walisomeana maneno yangu wakati wa chakula cha mchana, yeye akiwa amekaa papo hapo na sahani yake. Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: Syombua lilikuwa jina la mama yangu, marehemu. Binti akipewa jina la mama yako, humwiti kwa jina hilo. Unamwita Mwaitu, yaani mama. Ndivyo nilivyomwita tangu alipozaliwa. Kaka zake walionja fimbo yangu kama wanafunzi wengine, lakini yeye sikumchapa hata siku moja, kwa kuwa mtu hainui mkono juu ya mama yake.

Kumbe niliinua kalamu.

Jumamosi ya wiki ijayo Mwaitu atapigana jijini Nairobi na msichana wa Nakuru ambaye hajawahi kushindwa. Hapa Tala hakuna anayempa nafasi. Juzi nilikwenda dukani kwa Kyalo kununua misumari ya banda la kuku. Kyalo ni mzee wa kanisa mwenzangu. Tumekaa benchi moja miaka mingi. Nilimkuta akiwaonyesha wateja kwenye simu yake jinsi yule msichana anavyokaba koo. Aliponiona hakuizima.

"Mwalimu, huyu wa Nakuru ako na mikono kama ya fundi wa bomba," aliniambia. "Mwaitu wako hamalizi raundi ya kwanza. Kwani mzee, unaachilia mama yako anyongwe na watu wamenunua tiketi?"

Wote walicheka. Sikuwa na haki ya kukasirika. Kyalo alikuwa akinirudishia maneno yangu ya Machi, kwa Kiswahili kibaya zaidi.

Lakini sikuyapokea. Nilimwambia atashinda. Waliposhindwa kujizuia, nikarudia polepole, kama ninavyosoma imla.

"Andika hapo ukutani, Kyalo. Raundi zote tatu, na majaji watampa Mwaitu."

Akachukua chaki anayoandikia bei za saruji, akaandika, jina langu likiwa chini yake. Bado ipo. Nasikia watu wanapita hapo makusudi kuipiga picha.

Sikusema kwa hasira. Miezi mitatu sasa, kila asubuhi nikishawalisha kuku, nimekuwa nikitazama mapambano ya wasichana hawa wawili nikiwa na daftari na kalamu nyekundu, kama mtu anayesahihisha insha. Msichana wa Nakuru amepigana mara tano. Mara nne alimkaba mpinzani koo katika raundi ya kwanza, mchezo ukaishia hapo. Mara moja tu alifikishwa raundi ya tatu, na huko nilimwona akihema kwa mdomo, mkono wake wa kushoto umeshuka hadi kiunoni. Alishinda kwa sababu mpinzani wake alikuwa amechoka kumzidi.

Mwaitu huanza vibaya. Raundi ya kwanza atashindwa, nakubali. Ya pili itakuwa ya kuvutana, lakini ataipata kwa kidogo. Ya tatu ni yake.

Na koo? Kyalo hajui habari ya shingo ile. Mama yangu alipanda kilima kutoka mtoni na maji mgongoni, ukanda ukiwa kwenye paji la uso. Mfereji ulichelewa kufika kwetu, kwa hiyo Mwaitu naye alibeba hivyo hivyo, mtungi wa lita ishirini, mpaka alipomaliza kidato cha nne. Aliyezoea kuvutwa nyuma namna hiyo huku akienda mbele hakabwi upesi. Kyalo mwenyewe alilelewa na shingo kama hiyo. Amesahau.

Wapo walionishauri nilifute lile andiko la Machi.

Sifuti. Niliwakataza wanafunzi wangu kuficha kosa kwa rundo la wino. Niliwaambia wapige mstari mmoja tu, kosa liendelee kusomeka, kisha juu yake waandike lililo sahihi. Basi napiga mstari. Mwaitu hakulidhalilisha jina la mtu. Mimi ndimi niliyekosea. Lile lisomeke, na hili lisomeke juu yake.

Jana asubuhi, kabla hajaingia zamu, nilimpigia simu nikamwomba niende kumtazama. Nilisikia wenzake wakipita langoni wakisalimiana niaje, niaje.

"Baba, nimeona picha ya ukuta wa Kyalo," alisema. "Sijakasirika tena. Lakini ukikaa pale, nitakuwa naangalia wewe badala ya kuangalia yeye."

Ni mimi niliyemzoeza kunitazama usoni kabla ya kila jambo, ajue kama amekosea. Tabia hiyo sasa inaweza kumpotezea raundi.

Alisema ataamua Ijumaa ya wiki ijayo, akishapimwa uzito, kisha anijulishe.

Watasema Mwalimu anangoja ruhusa ya mtoto. Naam, nangoja. Mama yangu naye nilimngoja hivyo hivyo, nikiwa na mvi tayari, na hakuna aliyenicheka.

Suti nimeipiga pasi, inaning'inia mlangoni. Akiniruhusu, nitakaa kiti cha mbele na uso wangu nitaufunza adabu. Asiponiruhusu, nitakaa dukani kwa Kyalo, chini ya chaki ile, nitazame kwenye simu yake pamoja na wote waliocheka.

Mwaitu akishaamua, nitaandika hapa ni kiti kipi. Mshindi nimekwisha kumwandika.