Barua ya Paa Bovu

Ndugu yangu, natangaza rasmi: shujaa wa mchango wa mablanketi ni mimi.

Nimejifungia chooni nikikuandikia.

Unaikumbuka ile barua ya mtoto wa shule tunayoisaidia ng'ambo, iliyomliza matroni ukumbini? "Paa la bweni linapasuka, tunalala tukilitazama." Niliiandika mimi. Kwa mkono wa kushoto! Nilitaka tu watu wachangie haraka.

Kumbe mkuu wetu wa shule aliwatumia kule picha ya barua hiyo.

Leo kaniita, maana barua niliileta mimi. Simu iko mezani, spika imewashwa. Mwalimu wa kule anamwambia mkuu: "Dada, watoto wote tumewatoa bwenini. Siku ya tatu wanalala nje, kwenye mvua. Fundi haoni ubovu, lakini tunaogopa. Na kila mtoto anakana kuandika."

Siku ya tatu, ndugu yangu. Kwenye mvua!

"Wadogo wawili wamelazwa. Vifua."

Mkuu hakufoka. Alinisogezea karatasi. "Andika hapa: paa. Mkono wowote uupendao."

Nikamwambia, "Shikamoo, mwalimu." Shikamoo ya nini, sijui.

Kisha nikaiinamia simu. "Mwalimu, warudisheni ndani. Paa ni zima. Niliyeandika ni mimi."