Nimemzuia Dada Asimalize Shule

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana mimi kuongea na watu ana kwa ana siwezi, hata mwalimu akiniita jina nahisi ulimi umekuwa jiwe, ila kuandika naweza. Nina miaka kumi na tano na huwa nacheza gemu ya kuendesha shule, wewe ndiye mwalimu mkuu, unajenga madarasa, unaajiri walimu, unaandikisha wanafunzi, na mwaka ukiisha wale wa darasa la mwisho wanahitimu na kuondoka, huwaoni tena.

Simu yenyewe ni ya dada yangu. Yeye aliacha shule mama alipoanguka akaumia mgongo, mtu wa kumgeuza kitandani akawa hakuna, dada akasema "mdogo wangu asome, mimi nitakaa," na amekaa mpaka leo ijapokuwa mama sasa anatembea na hata kupika anapika. Basi nilimwandikisha kwenye gemu, akachagua mwenyewe nywele za mafundo mawili na soksi ndefu, na jioni akishona vifungo vya mashati ya fundi alikuwa anakaa ubavuni kwangu akitoa amri, "We mwalimu mkuu, jenga choo kwanza, maktaba ya nini na watoto wamebana miguu?" na kwa kuwa gemu ni ya Kiingereza mimi namtafsiria, tunacheka mpaka mama anagonga ukuta.

Sasa yule dada wa kwenye gemu akafika darasa la mwisho, nikaona akihitimu ataondoka na jioni zetu zitaisha, nikabonyeza arudie darasa, mwaka uliofuata nikabonyeza tena, kimyakimya. Juzi akaiona ripoti mwenyewe, kwenye jina lake imeandikwa "REPEAT", na neno hilo halihitaji kutafsiriwa. Akasema, "Mwalimu mkuu, hata huku nimeshindwa?" Akacheka, lakini kicheko cha mdomoni tu, akakusanya vifungo vyake akaenda kushonea jikoni, na hajarudi kukaa nami. Ukweli ni kwamba alama zake ndizo za kwanza shule nzima, nataka kumwambia, lakini nikifika mlango wa jikoni najikuta nasema naomba maji. Nimekunywa maji mengi sana, mshauri. Nifanyeje?

Mwalimu Mkuu wa Kwenye Simu

*

Mwanangu mwalimu mkuu,

Hayo maji yatakuzamisha. Barua yako imenifanya nivue miwani niipanguse, lakini usidhani hilo litakuokoa na karipio.

Kumpenda dada si kosa. Kosa ni kumpenda kwa kumfungia mlango, ufunguo ukautia mfukoni ukanyamaza. Mtu aliacha madaftari yake ili wewe usome, leo anakuta umemrudisha darasa lilelile. Ulitaka afikiri ni zawadi? Anajiona mjinga, na mwenye kumtoa wasiwasi anaomba maji!

Ulimi wako mzito, sawa, mkono wako mwepesi. Mwandikie hayo hayo uliyoniandikia: kwamba alama zake ni za kwanza, na kwamba ulimzuia kwa sababu hukutaka aondoke. Fungua ukurasa wa alama, mpe simu na karatasi yako, ukae hapo hapo asome. Usikimbie. Kitufe cha kuhitimu abonyeze yeye. Kwenye gemu ataondoka, ndiyo. Jikoni atakuwepo.

Halafu kuna swali hukuniuliza, ila limejaa barua nzima. Dada anataka kurudi shule? Sijui, na wewe hujui, maana hakuna aliyemuuliza. Muulize yeye kabla ya mama. Akisema ndiyo, nendeni kwa mama pamoja, kisha mkaulizie masomo ya jioni ya watu wazima, na wewe ujifunze kushona vifungo, sindano haina meno. Akisema hapana, nyamaza na umheshimu. Usimwandikishe mtu kwa nguvu.

Na akirudi darasani, zamu ya kukaa ubavuni ni yako. Mtafsirie polepole.

Sasa inuka uende jikoni. Ukifika mlangoni, ole wako uombe maji.