Nafasi Moja Nyuma ya Wiketi

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kama bawaba zisizotiwa mafuta. Kifua chako vipi?

Kambi ya timu ya taifa ya kriketi imeanza. Walinda wiketi, yaani wadakaji wa nyuma ya mpigaji, tuko wawili na nafasi ni moja. Mwenzangu ana miaka ishirini. Tunamwita Sumaku, maana mpira ukimpita mpigaji unaganda mikononi mwake. Mimi thelathini na mbili. Nikikosa safari hii, basi tena. Kocha kasema, "Kudaka mko sawa. Nitaangalia nani anapiga vizuri."

Tunalala chumba kimoja. Ni mtoto mzuri, na hiyo ndiyo shida.

Bintiyo

12 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa, nami nipo. Geti la shule nimemaliza kulichomelea. Limekaa upande kidogo. Mwalimu mkuu hajagundua, nawe usinichongee.

Sumaku mpende, nafasi usimwachie. Kupendana kupo, na kazi ipo.

Baba yako

1 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini u mzima.

Jana mpira ulinigonga kidole cha pete, mkono wa kulia. Nilisikia kikilia. Mechi ya mchujo ni tarehe sita, na kocha sijamwambia.

Sumaku aliniona nikishindwa kufunga vifungo vya shati. Akaleta plasta, akanifunga. Nikamwomba asiseme.

"Dada, ukianguka wewe napita mimi," akasema. "Basi sisemi. Sitaki kupita kwa umbeya."

Bintiyo

9 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Barua imefika leo, mechi imeshapita. Najua maji yakimwagika hayazoleki, lakini mwambie kocha. Mimi jicho langu lilipoingiwa na cheche nililificha wiki tatu. Linavyoona sasa unajua.

Baba yako

28 Machi

Baba, shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa aibu.

Mpira wa kwanza niliudaka. Miwili iliyofuata ikaniponyoka. Kocha akanivua glavu mbele ya wote. Kidole kimekuwa cheusi. Akamgeukia Sumaku: "Unalala naye chumba kimoja. Ulijua?"

Ningeweza kumkinga, niseme hakujua. Ulimi ukanigoma. Yeye akajibu, "Nilijua."

Tumekatwa wote wawili. Amechukuliwa mpigaji ambaye hajawahi kulinda wiketi hata siku moja.

Sumaku alikunja shuka zake akaondoka bila kuniaga. Daktari anasema kidole hakitanyooka.

Bintiyo

6 Aprili

Binti yangu,

Pole, mwanangu. Rudi nyumbani. Lakini kwanza kamwone huyo mtoto, wala usiende na maneno mengi.

Baba yako

30 Aprili

Baba, shikamoo. Sijambo, kiasi.

Nilikwenda. Mama yake alinipa kiti. Sumaku siku hizi anapiga pasi nguo za watu. Nilimsikia chumba cha pili. "Una mgeni," mama akamwita. Pasi haikusimama. Nikapaza sauti: "Mdogo wangu, nisamehe." Pasi ikaendelea.

Nikasema nitangoja amalize. Nikangoja weee, chai ikapoa. Mwishowe mama akaenda kuchungulia, akarudi kainamisha kichwa.

"Amemaliza zamani," akaninong'oneza. "Anazirudia zile zile."

Nikaaga.

Nafika Jumamosi. Nitafutie kazi ya mkono wa kushoto.

Bintiyo