Vifuniko vya Mwezi wa Saba

27 Agosti

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anatembea tena mpaka uani bila fimbo, na jana alimfukuza jogoo wa jirani kwa ufagio, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Binti yangu anakusalimu na anauliza kama mjomba bado anakoroma.

Wiki iliyopita ulinipigia simu ukaniambia nimwombe radhi mkeo, kisha nimwachie jina la biashara, kwa kuwa mimi nimeliharibu na yeye bado anaaminika dukani. Ulisema tusigombane kwa ajili ya karanga. Unanijua, mpaka niandike ndipo nijue ninachofikiri. Basi nimefungua shajara yangu na ninakuandikia kwa mpangilio.

Unakumbuka mimi na wifi tulivyoanza: sufuria moja, kinu cha Mama na chupa za jamu tulizoomba kwa majirani. Hata tuliponunua mashine, mgawanyo wa kazi haukubadilika. Mimi nachambua karanga, nakaanga na kusaga. Wifi anachukua ndoo ya siagi ya karanga, anaipeleka nyumbani kwenu, anajaza chupa, anabandika karatasi ya Siagi ya Mawifi na kupeleka dukani. Kwa kuuza hana mwenzake. Kuna siku alimwuzia chupa mbili mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Vifuniko naviandika tarehe mimi, kwa mkono, kwa saba ile yenye mkato katikati ambayo Baba alituchapa vidole mimi na wewe mpaka tukaizoea, mtu asije akaidhania moja. Na kila ninapokaanga, chupa moja naiweka rafuni jikoni. Haiuzwi wala hailiwi. Wifi alikuwa akinitania, "Wifi, hizo unaziweka ili tuzikwe nazo?" Nami nilicheka. Nilimpenda, Kaka. Wala sikulazimishwa.

Lile duka kubwa la barabara kuu lilianza na chupa kumi na mbili. Mwezi wa sita, yule mama anayewanunulia bidhaa, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, akatuambia kuwa kuanzia Septemba atatuweka katika matawi yao yote. Siku hiyo hiyo nikaenda kutoa malipo ya kwanza ya kiwanja kilicho nyuma ya karakana ya seremala, nije nijenge jiko la kazi. Ingekuwa mara ya kwanza katika maisha yangu hati ya kitu chochote kuwa na jina langu. Wewe ndiye uliyenipongeza wa kwanza.

Tarehe 12 mwezi huu yule mama alituita wote wawili. Juu ya meza yake kulikuwa na chupa zilizorudishwa na wateja. Akanionjesha. Ulimi ulinata, ilikuwa unga wa mahindi na mafuta ya bei rahisi, karanga zimepita tu kusalimia. Akageuza kifuniko akaniuliza ule ni mwandiko wa nani. Nikasema ni wangu. Sikusita hata kidogo. Niliona saba na mkato wake, nikaitika kama mtu aliyeitwa jina lake. Wifi, aliyekaa kando yangu, akaniwekea mkono gotini, akamwambia yule mama kwa sauti ya huruma, "Nilimwambia asichanganye. Hakunisikia."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimeomba vifuniko viwili nikaja navyo: kimoja cha tarehe 7 Julai, kingine cha tarehe 17. Nikasimama mbele ya rafu. Baada ya chupa ya tarehe 4 inafuata ya tarehe 9. Baada ya tarehe 15 inafuata ya tarehe 20. Shajara ya tarehe 7 inasema: mashine iko kwa fundi, mkanda umekatika, nimefua mapazia. Ya tarehe 17: nimeshinda hospitali na Mama, daktari amechelewa, nimekula ndizi moja. Siku hizo sikukaanga hata punje.

Nilidhani wifi ameiga mwandiko wangu. Nikatafuta orodha zake za zamani. Saba zake ni kama ndoano, hazina mkato. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Jumapili, nikimchana Mama nywele, akaanza kukusifu bila kuulizwa. Akasema likizo yako ya Julai ulikuwa umebadilika, wewe usiyejua hata kuondoa kikombe mezani, siku alipofika kwenu alikukuta umekaa mchana mzima ukimwandikia mkeo vifuniko. Alikuwa na furaha, Kaka. Nikaendelea kumchana.

Saba ile Baba aliwafundisha watu wawili tu.

Ningeweza kumsamehe wifi unga wake. Tamaa ilimpata, naye si damu yangu. Lakini wewe ulikaa mezani ukaandika kwa mkono wetu, kisha ukanipigia simu kuniambia niombe radhi.

Asubuhi ya leo nimempelekea yule mama shajara na chupa za rafuni. Amevaa miwani akasoma, akaonja chupa moja baada ya nyingine kwa kijiko. Oda ya Septemba imebaki, ila kwa jina jipya na kwangu peke yangu. Wanawake wawili majirani wataanza kazi Jumatatu. Alipouliza nani aliandika vifuniko nilisema ni mtu wa kwetu, nikaishia hapo. Mama sijamwambia. Hilo nakuachia wewe, na naomba umwambie kabla ya likizo yako ijayo, maana mimi sitaweza kukupikia chai mbele yake na kujifanya sijui.

Wasalimie wenzako wa kazini. Watoto wako waambie shangazi yao hajabadilika, waje kama kawaida. Pamoja na barua hii nakutumia chupa moja. Karanga zake nimezikaanga mchana huu huu. Tarehe ya kifuniko nimeandika mwenyewe. Utaona saba yake haina mkato.

Ni mimi,
mdogo wako