Sakafu ya Skuli, Wambaa

Dada Salma,

Mwambie Mama dua yake imefika. Sakafu ya skuli imekwisha na mtihani wangu wa ujenzi nimepita.

Lile jedwali la kazi nililolichora chuoni kwa rula na wino wa rangi tatu lilisema Jumatatu tunapiga sakafu, watu ishirini. Jumatatu ikafika, chokaa na kokoto vimeshachanganywa, hakuja hata mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mikarafuu. Karafuu zikifunguka kabla ya kuchumwa zimeharibika, na mimi mtoto wa mjini sikulifikiria hilo. Chokaa nayo ikikauka kabla ya kupigwa, inapasuka.

Nikaifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji, nikamwendea Bi Mize, mkubwa wa wanawake wanaopiga sakafu. Nilikuwa karibu kulia. Akanisogezea mkeka uliojaa karafuu. "Kaa, mwanangu, tuchambue. Zikisha hizi, tunakuja kwako."

Nikachambua karafuu kutoka kwenye vikonyo vyake mpaka magharibi, vidole vikawa vyeusi. Asubuhi wakaja wote na vigongo vyao, wakapiga siku mbili huku wakiimba, sakafu ikawa laini kama sahani.

Leo mwalimu wa chuo amekuja kukagua. Akasoma jedwali nililolisahihisha, akaweka kidole. "Jumatatu, kuchambua karafuu. Hii ni kazi gani ya ujenzi?"

Nikamwambia ndiyo iliyoleta wajenzi. Akacheka, akatia alama ya vema.

Inuse kadi hii, kisha mpe Mama ainuse. Hiyo harufu ya karafuu ndiyo mikono yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Juma