Neno "Kupima"

Ijumaa, Kibiti

Neno lenyewe nililitoa mimi: "Bibi, tunataka kumpima mjukuu wako." Bi Somoe wa kijiji cha Ruaruke akakubali, mtoto akatolewa damu.

Leo asubuhi, maabara, nimeitia kwenye damu yake ile kingamwili mpya ya kunasia protini tunayoitafiti. Rangi ya kahawia ikajitokeza safi kabisa. Protini inayopeleka habari ndani ya chembe hai imenaswa. Nimefurahi mpaka nikapiga mluzi. Lakini kichupa cha kingamwili kimeandikwa wazi kwamba ni cha utafiti tu. Hakimwambii mtu anaumwa nini.

Alasiri bibi akaja na nazi za shukrani. Mtoto yuko mgongoni, kavishwa sweta la mtumba kwenye jua lile, anatetemeka.

"Nilitaka kumpeleka zahanati," akasema, "lakini si mmeshampima, baba? Ana nini?"

Ningeweza kumwambia palepale kwamba hatukupima ugonjwa. Nikaogopa akijua atatunyima damu, na Ruaruke nzima itamfuata, na mimi...

"Damu yake imetoka vizuri, bibi."

Akanishukuru mara mbili mbili. Zahanati iko ng'ambo ya barabara tu. Nimewatazama wakiipita, sikuita.